Kisigino kinauma na uzito unapanda: nianze na lipi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 47, uzito kilo 94, urefu sentimita 158. Ni mwezi wa saba sasa kisigino cha kulia kinaniuma, hasa nikishuka kitandani kwenda kuswali alfajiri. Hatua ya kwanza ni kama nimekanyaga msumari. Nikitembea kidogo kinalegea, nikikaa ofisini nikainuka kinaanza upya. Zamani nilikuwa natembea kila jioni, nimeacha, na tangu niache nimeongezeka kilo 6. Nimepiga eksirei, nikaambiwa mfupa umeota. Mmoja ananishauri nipungue kwanza, mwingine nipumzishe mguu kwanza, wa tatu anataka kunichoma sindano. Presha ninayo na dawa nameza. Sukari sijapima siku nyingi. Nianze na lipi?

JIBU: Mwalimu, kwa umri wako shikamoo nilipaswa kukupa mimi, kwa hiyo naanza kwa kukuamkia. La pili, mimi si daktari. Ni mtaalamu wa fiziotherapia, mtu wa misuli, viungo na mwendo. Nalisema mapema kwa sababu kuna mahali humu nitakurudisha kwa daktari, usije ukadhani nakukwepa.

Kwa kifupi, usianze na kimoja huku ukingoja kingine. Washauri wako wawili wa kwanza kila mmoja ana nusu ya ukweli. Anayekwambia upungue kwanza hajakueleza utapunguaje na mguu hauendi. Anayekwambia upumzike hajakueleza uzito utafanya nini wakati umepumzika, na jibu lake umeshaliona kwenye mizani.

Kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Miaka yangu ya mwanzo kazini alikuja mama mmoja muuza mboga, visigino vyote viwili vinamsumbua. Nikamwambia, tena kwa kujiamini, "Punguza uzito kwanza mama, halafu urudi." Akarudi baada ya karibu miaka miwili, mzito kuliko mwanzo, safari hii na mkongojo. Wala hakunilaumu. Alisema tu, "Ulisema nipungue. Nikawa nangoja nipone ili nipungue."

Sasa tuuangalie mguu wenyewe. Chini ya unyayo, kuanzia kwenye mfupa wa kisigino mpaka kwenye mashina ya vidole, kuna utepe mgumu wa nyuzinyuzi. Ukiuchukulia mguu kama upinde, utepe huo ndio upote wake: unashika ncha mbili ili kati pasianguke. Kila unapoinua kisigino na vidole vikabaki chini vimepinda kwenda juu, upote unakazwa, mguu unakuwa mgumu na kukusukuma mbele. Usiku, ukiwa umelala na mguu umenyooka kama wa mcheza ngoma anayesimama kwa ncha, utepe unalegea na kujikunja. Alfajiri unaukanyagia uzito wote kwa mkupuo, nao unavutika pale pale unaposhikana na mfupa. Huo ndio msumari wako. Ukitembea unapata joto na kulainika. Ukikaa, unajikunja tena.

Jipime hivi. Kaa kwenye kiti, weka mguu wa kulia juu ya paja la kushoto. Kwa mkono mmoja vuta vidole vyote kuelekea juu, upande wa ugoko, mpaka uone utepe umesimama chini ya ngozi kama kamba. Kwa dole gumba la mkono wa pili bonyeza kuanzia katikati ya unyayo ukirudi nyuma polepole. Ukifika mwanzo wa kisigino, upande wa ndani, ukaruka, basi umepagusa penyewe, na maelezo yako na kidole chako yanasema kitu kimoja. Lakini kama maumivu yanakuja unapokibana kisigino ubavuni kwa viganja viwili, kama vile unakamua limau, hapo nawaza ufa kwenye mfupa, na ufa una matibabu mengine. Kama maumivu yako upande wa ndani wa kifundo, na mguu umeanza kulala bapa kiasi kwamba huwezi kusimama kwa vidole vya mguu huo mmoja, hiyo ni kano nyingine, nayo haifai kuachwa ijiponye.

Na ule mfupa ulioota? Usikunyime usingizi. Watu wengi wana mwiba kama huo kisiginoni na hawajawahi kuumwa hata siku moja, na wapo wanaoumia vibaya bila mwiba wowote. Nimeona waliolipa fedha nyingi kuuogopa. Eksirei imekusaidia kuona kwamba hakuna ufa wa wazi, basi.

Tuje kwenye uzito, na hapa nitasema wazi kwa kuwa umeandika wazi. Kilo 94 kwa urefu wa sentimita 158 zinatoa uwiano wa uzito na urefu (BMI) wa karibu 38. Kuanzia 30 kwenda juu ndiyo wataalamu wanaita kiribatumbo. Huku kwetu mtu akinenepa anaambiwa amenawiri, na mwenye nyumba anasifiwa kwa kutunza. Unyayo hauna habari na sifa hizo. Unapotembea kawaida, mguu mmoja unapokea kwa kila hatua nguvu inayozidi uzito wako kwa kama sehemu moja ya kumi hadi mbili. Kwa hiyo kila hatua yako ni kama kilo 105 au 110. Ukipungua kilo 10, kila hatua inapungua kilo 11 hivi. Mwalimu anayezunguka darasani na kwenda sokoni hakosi hatua 6,000 kwa siku, yaani 3,000 kwa kila mguu. Zidisha: tani 33 ambazo mguu wako mmoja hautazibeba kwa siku moja.

Ila si uzito peke yake. Wakimbiaji wembamba kama fito wanaupata ugonjwa huu huu. Uzito ni mmoja wa wahusika. Wengine ni kusimama saa nyingi kwenye sakafu ya saruji, viatu bapa, na shavu la mguu lililokaza, ambalo mimi ndilo la kwanza kulikagua. Simama mbele ya ukuta bila viatu, kidole gumba cha mguu kiwe mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, kama sentimita 10. Kunja goti mpaka liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. Likigusa, vizuri. Kama kisigino kinanyanyuka kabla goti halijafika, shavu la mguu limekaza, na kwa kila hatua utepe wa chini ndio unaolipa deni hilo. Linganisha kulia na kushoto, andika sentimita zako.

Kuna kitu watu hawakitarajii: mafuta ya mwilini si mzigo tu, yanatoa kemikali zinazochochea uvimbe mwilini mwote. Pamoja na hilo yanakuja kisukari na gauti, na vyote viwili huishia miguuni. Ndiyo maana sikubali uendelee bila kupima sukari. Nenda wiki hii, asubuhi kabla hujala. Kisukari kikikaa muda mrefu bila kudhibitiwa kinaua hisia za unyayo, na nusu ya nitakayokueleza hapa chini, barafu kwa mfano, inakuwa hatari kwa mguu usiohisi. Na kama siku moja mguu wa mwenye kisukari utavimba, ukawa mwekundu na wa moto kuliko mwenzake, hata kama hauumi sana, asiukanyagie, aende hospitali siku hiyo hiyo. Kwako wewe dalili za kukimbilia kwa daktari ni hizo pamoja na ganzi au kuchomachoma, maumivu yanayokuamsha usiku ukiwa umelala tu, homa, kidonda, au kusikia kitu kimekatika "pa!" unyayoni.

Sasa sindano. Sindano ya steroidi inaweza kutuliza kwa wiki kadhaa, sitaki kukuficha. Lakini utulivu huo mara nyingi haudumu, na sindano hiyo inaweza kuudhoofisha utepe hata ukakatika, au kupunguza ule mto wa mafuta ulio chini ya kisigino, ambao wewe unauhitaji kuliko mtu wa kilo 60. Kwenye foleni yako iwe ya mwisho, na anayechoma awe daktari anayeijua kazi hiyo, si mtu wa duka la dawa. Hukuandika kuhusu vidonge vya maumivu, ila waswahili tunajuana: diklofenaki unayo kwenye mkoba. Kwa mwenye presha dawa za jamii hiyo zinapandisha presha na kuzikwamisha baadhi ya dawa zake, mbali na figo na tumbo. Mwulize daktari anayekuandikia dawa za presha kabla hujameza kingine.

Matibabu yenyewe yanaanzia kitandani. Kabla hujaweka mguu chini alfajiri, kaa, uweke juu ya paja kama nilivyoeleza, vuta vidole, shikilia ukihesabu hadi 10, achia. Rudia mara 10. Ni dakika tatu hivi, na adhana haitakupita. Fanya hivyo pia kabla ya kuinuka baada ya kukaa muda mrefu, na tena jioni. Usitembee peku kwenye tailizi wala kwa ndala zilizolika. Weka viatu vyenye soli nene na kisigino kilichoinuka kama sentimita mbili tatu miguuni mwa kitanda, viwe vya humo ndani tu. Vya mchuchumio hapana, lakini na bapa kabisa hapana. Raba nzuri za mtumba, ambazo ukizikunja zinapinda kwenye vidole tu na si katikati, zinafanya kazi sawa na viatu vya bei mbaya.

Zoezi ninalolipenda zaidi ni la kuimarisha, na watu hulikimbia kwa sababu linauma kidogo mwanzoni. Viringisha taulo, liweke chini ya vidole vya mguu ili vipinde kwenda juu. Shika ukuta. Panda kwa vidole vya miguu yote miwili ukihesabu hadi 3, kaa juu hadi 2, shuka hadi 3. Polepole kweli, wengi wanaharakisha kama wanachuma embe. Fanya mara 12, pumzika, rudia mpaka ziwe seti 3, siku moja ndiyo na moja hapana. Anzia sakafuni. Baada ya wiki chache ikiwa nyepesi hamia kwenye ngazi ili kisigino kishuke chini zaidi, halafu ubebe begi mgongoni. Wewe una madaftari ya darasa zima, uzito hautakupungukia. Utepe ni kama misuli, unakomaa kwa kazi iliyopimwa. Kazi iliyopitiliza unajua matokeo yake. Watu hawajui tu kwamba kukosa kazi nako kunaudhoofisha.

Jioni, chupa ya maji ya nusu lita iliyogandishwa, iviringishe chini ya unyayo dakika kumi juu ya kitambaa, iwapo sukari yako ni salama na hisia zako ni nzima. Haiponyi, inatuliza.

Sasa kutembea, maana hapo ndipo swali lako lilipo hasa. Usiache, punguza kipande. Umesema kinalegea ukitembea kidogo; tafuta ni dakika ngapi unakwenda kabla maumivu hayajaanza kupanda tena. Kama ni 10, wewe tembea 6 au 7, mara tatu kwa siku. Mwendo mrefu wa mfululizo usiurudie kwa sasa. Maumivu ya 3 kati ya 10 wakati unatembea nayaruhusu. Hukumu inatolewa kesho yake: hatua ya kwanza ya alfajiri ikiwa haijazidi ya jana, kiasi ni sahihi, na kila baada ya siku chache ongeza dakika moja. Ikiwa imezidi, rudi nyuma siku mbili tatu, usiache kabisa. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, ule unaoweza kuongea lakini kuimba huwezi, na tangu mwongozo wake wa 2020 hakuna tena sharti kwamba lazima ziwe kumi kumi mfululizo. Dakika zako 6 zinahesabiwa.

Na nani alisema mwendo ni kutembea tu? Uko Tanga, mji ambao wengine tunauonea wivu kwa mambo mawili. La kwanza ni bahari. Maji yakikufika kitovuni yanabeba karibu nusu ya uzito wako. Yakikufika kifuani yanabeba zaidi ya hapo. Mwanamke wa kilo 94 aliyesimama kwenye maji ya kitovu, miguu yake inabeba mzigo wa mtu wa kilo 47 hivi. Kutembea humo robo saa, mbele na nyuma, mahali pa mchanga, na mwenzako, umevaa viatu vya plastiki kwa ajili ya miba na chupa, ni mazoezi ambayo kisigino kitayasamehe. Kuogelea si sharti. Nguo ya stara ikilowa inakuwa nzito na kuongeza kazi, hiyo nayo faida.

La pili ni baiskeli. Tanga ni tambarare na baiskeli si aibu ya mtu yeyote, awe mama au babu. Ukikaa kwenye tandiko, uzito mwingi unabebwa na makalio, miguu inafanya kazi, moyo unafanya kazi, kisigino kimepumzika. Kwa wiki nne tano za mwanzo ningeweka dakika nyingi huko kuliko barabarani kwa miguu. Nyumbani, kaa na kusimama kutoka kwenye kiti bila kutumia mikono, mara 8 hadi 10, mara mbili kwa siku. Mapaja yenye nguvu yanapunguza kishindo cha kila hatua.

Hata hivyo usitarajie mazoezi yakupunguze kilo. Yanakusaidia presha, sukari, usingizi na moyo, na yanazuia uzito usirudi, lakini uzito hasa unapungulia kwenye sahani. Nusu saa ya kutembea haiimalizi chapati moja iliyokaangwa vizuri. Mimi naliona hilo kuwa habari njema kwako: mguu mbovu haukuzuii kupungua, kwa sababu hutumii mguu kula.

Sitakuandikia orodha ya vyakula. Nenda mahali pawili tu. Pa kwanza, chai ya saa nne shuleni. Soda moja ya chupa ya kawaida ina sukari kama vijiko 9 vya chai. Kikombe cha chai chenye vijiko 3, mara mbili kwa siku, ni 6. Na vitumbua vimeloa mafuta. Hapo peke yake pana kazi ya kutosha mwezi mzima. Pa pili ni nazi na mafuta ya kupikia, na najua namwambia nani. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori 120 hivi, na mpishi wetu hapimi, anamimina. Pima kwa kijiko. Kisamvu cha nazi kiwe cha siku maalumu. Wali uwe robo ya sahani, mboga za majani nusu, robo iliyobaki samaki, dagaa au maharage. Ukipungua asilimia 5 hadi 10, yaani kilo 5 hadi 9, katika miezi sita, daktari wako ataona tofauti kwenye presha, na huenda akaiona na kwenye sukari. Usipunguze wala kuacha dawa mwenyewe. Yeye ndiye atakayeamua.

Muda: wengi wenye tatizo hili hupona bila kisu ndani ya mwaka, wachache huchukua zaidi. Kwa mpango huu natarajia wiki sita za kwanza zikupe badiliko dogo tu, pengine msumari kugeuka kokoto, na mwezi wa tatu ndio utaanza kuona faida ya taulo na ngazi. Kama miezi mitatu imepita, umefanya kweli, na hakuna lililobadilika, tafuta mtaalamu wa fiziotherapia wa kukushika mguu ana kwa ana, na hapo hata daktari wa mifupa aangalie upya.

Kusujudu na kukaa tahiyatu huku vidole vimekunjwa kunauvuta utepe huo huo. Wengine huwasaidia, wengine huwaumiza vibaya wakati utepe bado mkali. Kama kinakuuma, anza kwa kukunja vidole kidogo, au weka kitambaa kilichokunjwa chini ya kifundo. Habari ya kuswali kwenye kiti mwulize shehe wako, mimi si mahali pangu.

Ukipata baiskeli, pandisha tandiko mpaka goti libaki limepinda kidogo tu pedali ikiwa chini kabisa, na kanyaga kwa katikati ya unyayo, si kwa vidole, mpaka kisigino kitulie. Wiki ya kwanza dakika 10 zinatosha, asubuhi ya Jumamosi kabla jua halijawa kali.